Kifuu cha Mchanga Juu ya Mswada

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Mastura Haroub anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ndogo ya Chumbageni, Tanga, inayoandika vitabu vya shule na kuwauzia wachapishaji miswada. Alianza akiwa karani wa kupiga taipu, anaondoka akiwa mhariri mkuu. Kalamu yake nyekundu ilitutoa machozi wengi, na chai yake ya tangawizi ikatubembeleza.

Alikuwa na sharti moja: kila zoezi lijaribiwe kabla ya mswada kuuzwa, na mwandishi atie saini kwenye fomu kwamba limejaribiwa. Hata hivyo, saini peke yake haikumtosha. Alipeleka nakala shuleni kimyakimya, walimu waijaribu.

Mwaka 2019 tuliandika kitabu cha sayansi cha darasa la nne. Wachapishaji wawili walishakikataa. Wa tatu naye angekataa, ofisi ingefungwa na sote sita turudi makwetu. Mwakilishi wake alikuwa aje Ijumaa saa nne na mkataba.

Alhamisi mchana Mwalimu Zuwena alipiga simu kutoka shule moja ya Tongoni, kijiji cha pwani. Wanafunzi wake walifuata sura ya tano neno kwa neno: jaza mchanga kwenye kifuu cha nazi, panda kunde, mwagilia maji. Vifuu arobaini, siku ya nane, hakuna hata mche mmoja. Mwandishi ni mtu wa Lushoto, na kwao mchanga huchotwa mtoni. Watoto wa Tongoni waliuchota ufukweni, na chumvi yake. Fomu ya sura hiyo ilikuwa na saini.

Tulimsihi Bi Mastura anyamaze, kosa litarekebishwa baadaye. Alituma aletewe kifuu kimoja kutoka Tongoni. Ijumaa, mgeni alipofungua mkataba, Bi Mastura aliweka kifuu hicho juu ya mswada, akaeleza kosa lote na kuomba siku saba.

Mgeni akatoka barazani na simu yake. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Aliporudi aliuliza ni nani aliyeandika sura ile.

“Tumeandika sisi,” alijibu Bi Mastura, “na sisi ndio tutakaoirekebisha.”

Tukapewa siku saba. Alihamia Tongoni, akampa kila mtoto vifuu viwili, kimoja cha mchanga wa pwani, kingine cha udongo wa shamba. Siku ya tano kunde zikachomoza kwenye udongo. Sura hiyo walimu wanaisifu mpaka leo.

Bi Mastura, hukumtaja mwandishi yule hata kwa utani. Saini ile ya uongo ilikuwa yangu. Sikuwa nimepanda hata mbegu moja, nami niliona aibu kusema kwa miaka yote hii. Leo nasema mbele ya wote, usije ukaondoka na mzigo wangu.

Ahsante kwa kutulinda. Tunakuombea afya, furaha na wajukuu wa kukuchosha.

Ernesti, mwandishi wa sura ya tano