Pembe ya Gaju

Gari lilitoka Sake limejaa, na mwalimu Édouard, kwenye kiti cha nyuma, hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Mbele yake msichana aitwaye Byukusenge alikuwa akipindua vikadi alivyokata kwenye kartoni ya biskuti. Kila kadi ilikuwa na herufi moja ya Kijapani, na mgongoni sauti yake.

"Unatafuta nini kwa Wajapani, mutoto wangu?" aliuliza aliyeketi kando yake, Mama Epiphanie, muuza fromaji, yaani jibini.

"Magari yetu inatokaka kwao, Mama. Nataka kuwa mekanisie, fundi mwenye kusoma yenye iliandikwa ndani."

Mama akachukua kadi moja. "Hii iko pembe ya ng'ombe yangu, Gaju. Inapinda hivi hivi."

"Inaitwa shi, Mama."

Byukusenge akazichanganya kadi zote. Mama, ambaye hakukanyaga darasa hata siku moja, aliitoa shi mara tatu bila kukosea. Édouard, mwenye miaka ishirini ya chaki, alijifanya anatazama milima.

"Basi ku koperative yetu ya fromaji, wakinilipa, sitatia tena kidole mu wino," alisema Mama. "Nitaandika hii."

"Lakini Mama, kule hakuna mwenye kujua Kijapani!"

"Na kidole yangu, nani alishaka kuisoma?"

Byukusenge akamgeukia mwalimu ili amsaidie. Hapo gari likasimama Bihambwe, Mama akashuka, na msichana akampitishia kikapu chake dirishani. Juu ya fromaji alikuwa ameweka ile kadi ya shi.