Gobore la Mochama na Kijiti cha Kibuyu

Benchi letu liko ndani kidogo ya geti la klabu ya zamani, kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho. Majani chai yametuzunguka pande zote nne, na sisi tunakunywa kahawa, bila aibu, kutoka birika la Okemwa aliyehamia hapa kutoka Kisii. Mimi huitwa Lubumbashi: niliendesha lori mpaka huko nikarudi na hadithi tu. Jumatano hiyo mlinzi wa klabu, Mochama, alikuwa amelaza juu ya gunia gobore, bunduki ile ya kumiminiwa baruti mdomoni. Ilining'inia ukutani tangu enzi za wakoloni, kibali chake kwenye fremu, na sasa ilikuwa imeota kutu kama bati la choo.

— Jumamosi wageni wa kutoka Kabianga wanakuja kuiangalia, — Mochama akasema. — Meneja ameniambia nikiacha hata alama moja ya kutu, atatafuta mlinzi mwingine. Na mimi niko na watoto watatu shule.

— Mwagia masimbi ya kahawa, — akasema Okemwa. — Hii yangu inatoa hata kutu ya roho.

— Ndio maana tumbo inaniuma, — nikasema. — Sikizeni mtu aliyetembea. Kule Songea nililala kwa mwindaji mmoja. Yeye alikuwa anamimina maji moto na sabuni kwa mtutu, anakausha na kitambaa, halafu anapaka mafuta.

— Maji kwa chuma! — akacheka Kipkurui, tunayemwita Injinia tangu atengeneze redio moja, ikashika stesheni ya Uganda pekee. — Maji yakimwagika hayazoleki, Lubumbashi. Wewe hiyo lori yako iko wapi leo?

Nikapuliza kahawa yangu. Lori liliozea Kitale.

— Nyanya yangu anasafisha kibuyu cha maziwa ya mursik na nini? — Injinia akaendelea. — Anachoma kijiti cha mti wa senetwet. Kikiwa kaa jekundu, anaingiza ndani, anasugua. Kibuyu inakaa miaka thelathini. Mtutu ni nini? Ni kibuyu nyembamba. Dawa ya moto ni moto!

— Lakini hiyo itatoa kutu? — Mochama akauliza.

— Kutu ni mdudu, bana. Mdudu na kaa wapi na wapi?

Nami, msomi wa Songea, nikaona ina maana. Nikashika kitako cha gobore, Mochama akashika katikati. Injinia akachomoa kijiti kwenye jiko la Okemwa, ncha ikiwaka.

Ndipo Chepkemoi, mama anayeletea klabu maziwa, akaingia getini na mtungi wake. Akasimama.

— Chamgei, — akatusalimia. — Nani ameangalia kama iko na kitu ndani?

Injinia akanitazama. Nikamtazama Mochama. Mochama akamtazama Okemwa, na Okemwa akafunika birika.

— Hamjui? Si mnapima tu, kama maziwa kwa mtungi.

Aliweka mtungi chini, akachomoa ufito wa kushindilia baruti uliokaa chini ya mtutu, akausukuma mtutuni mpaka ukagota, akaushika kwa kidole pale mdomoni. Akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ulipaswa kufika kwenye kitundu cha kuwashia baruti, kule nyuma. Ulipungua vidole vinne: kulikuwa na kitu ndani.

Injinia alirusha kile kijiti kwenye ndoo ya maji kana kwamba ni nyoka.

Tulilaza gobore mdomo ukielekea kwenye kichaka, tukarudi nyuma hatua arobaini. Mochama akapiga simu.

— Bosi, kutu bado iko. Lakini imejazwa, bosi. Naomba tuite polisi waje na mtu anayejua.

Sauti ya meneja ikatoka simuni, nyembamba:

— Mochama, kila Krismasi mimi huwapa watoto wangu hiyo wapigwe nayo picha. — Akapumua. — Usiiguse. Kutu iache. Na wewe, kazi yako bado iko. Asante, ndugu yangu.

Mochama akavua kofia. Mkisii huyu, miaka kumi na moja hapa, hatujawahi kumsikia akisema hata neno moja la Kikipsigis.

— Kongoi, mama, — akamshukuru Chepkemoi kwa lugha yake. — Kongoi mising.

— Haya, haya. Kahawa imebaki?

Okemwa akainua birika, akalitikisa.

— Imebaki kikombe kimoja tu. Ni chako.