Frosina Panasivna Lysohir, Mwoga Aliyetutoa Zarudia

Ndugu, majirani na marafiki, tuliyemleta hapa leo ni Frosina Panasivna Lysohir, mhariri na mwongozaji wa filamu za makala. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 katika kijiji cha Stara Krynytsia, kaskazini mwa Kyiv, akiwa binti wa kwanza wa Mzee Panas na Bi Yavdokha. Familia ilibishana sana kama ni heshima kutamka mbele ya jeneza kwamba marehemu alikuwa mwoga. Ikaamuliwa itamkwe. Kila aliye hapa anajua, na kuficha kungemfanya aogope kwamba tumemzika mtu mwingine.

Uoga wake ulianza mapema na haukupumzika. Mwaka 1943, akiwa na miaka mitano, alifichwa na mama yake katika shimo la viazi. Walipomwita atoke kwa sababu Wajerumani wameshaondoka, sauti ilitoka shimoni ikiuliza, "Mmehesabu wote?" Alitolewa kesho yake, kwa supu.

Alisoma shule ya kijiji hadi 1955, kisha akasomea uhariri wa filamu mjini Kyiv na kuhitimu Juni 1962. Aliajiriwa na studio moja ya filamu za makala, na kwa miaka zaidi ya ishirini akakata na kuunganisha mikanda ya matrekta, mabwawa na bitiruti za sukari. Wakubwa walimpenda. Mtu anayeogopa kila kitu hasahau kitu.

Tarehe 7 Agosti 1965 alifunga ndoa na mpiga picha Zakhar Lysohir, mwanamume asiyeogopa chochote, jambo ambalo wakati ule lilihesabiwa kuwa sifa. Walikutana kwenye lifti ya studio iliyokwama kati ya ghorofa. Frosina aliushika mkono wa Zakhar, na mafundi walipofika Zakhar alikuwa ameshaposa. Hawakujaliwa watoto. Walipewa nyumba ghorofa ya nane, na marehemu akapanda ngazi maisha yake yote.

Kinu cha nyuklia kilipolipuka Chornobyl tarehe 26 Aprili 1986, studio iliagizwa kupiga filamu ya watu wakihamishwa. Mwongozaji aliyepangiwa kazi akaugua tumbo ghafla. Aliyefuata akaumwa mgongo. Kazi ikamwangukia Frosina. Naye alitaka kuumwa, ila alimwogopa mkurugenzi kuliko kitu asichokiona. Hivyo mwanzoni mwa Mei akajikuta Stara Krynytsia, kijiji alichozaliwa, amejifunga vitambaa vitatu kichwani, na kamera ya mume wake ameivisha mfuko wa nailoni.

"Utaipeleka ubatizo?" Zakhar alimtania.

"Wewe usiiweke chini."

Ostap, dereva wao, alikuwa amekaa kwenye nyasi na chupa. "Frosina Panasivna, piga moja. Vodka inaosha mionzi."

"Na nyasi inaosha nini? Inuka hapo, Ostap!"

Walicheka. Alicheka pia, kwa adabu, lakini ulimi wake ulikuwa na ladha ya chuma, na hakuwa amelamba chuma. Walipiga picha mabasi yakipanga foleni, wanawake wakilia, wazee wakifunga milango kwa kufuli. Askari mmoja kijana alimsaidia bibi kupanda basi, mkono wake ukitetemeka kuliko wa bibi.

Siku chache baadaye walirudi kukipiga picha kijiji kikiwa kitupu, na hiyo ndiyo siku aliyoiota hadi kufa. Jua lilikuwa zuri na miti ya tufaha imechanua. Hakuna kilichovunjika. Mto wa kulalia ulikuwa umeanikwa kwenye uzio wa mama yake, umesahaulika. Kipima mionzi kikalia taratibu penye barabara, kikalia kwa kasi penye nyasi. Chini ya mfereji wa paa, pale alipokuwa akicheza utotoni, kikawa mlio mmoja usiokatika. Frosina alisimama akiogopa kukanyaga mbele, na akiogopa zaidi mahali alipokwisha kukanyaga.

Kutoka hapo alikwenda Zarudia, alikoolewa mdogo wake Motria. Zarudia ilikuwa nje kidogo ya mpaka uliochorwa, kwa hiyo wataalamu walisema ni salama. Upepo haukuwa umeonyeshwa mpaka huo. Olesia, binti wa Motria, miaka minne, alimkimbilia kumkumbatia, Frosina akaogopa vumbi la nguo zake, akarudi nyuma na kupiga kelele, "Usiniguse!" Mtoto akaangua kilio. Mezani palikuwa na jagi la maziwa.

"Motria, hama. Mchukue mtoto, hama leo."

"Dada, wewe unaogopa hata bata. Nikihama kila ukiogopa, si nitazalia njiani?"

"Usimpe hayo maziwa. Ng'ombe anakula nyasi."

"Mwenyekiti wa shamba la ushirika anakunywa. Daktari wa wilaya anakunywa."

"Motria, nakuomba."

"Kula kwanza, halafu uogope umeshiba."

Hapo ndipo alipogundua adhabu ya maisha yake. Alikuwa ameogopa vitu vingi mno, na sasa alipokuwa na haki, hakuna aliyemwamini. Akabaki na tumaini moja: Motria aione filamu.

Kamati ya ukaguzi iliiangalia Novemba. Mwenyekiti wake, Komredi Bahriy, alikuwa na penseli.

"Huyu mama analia. Toa."

"Analilia ng'ombe wake, komredi."

"Mtoe mama. Ng'ombe hahusiki, mwache. Huyu askari anatetemeka."

"Anasikia baridi."

"Mwezi Mei? Toa. Komredi Frosina, nataka filamu isiyo na mtu mwenye hofu hata mmoja. Umenielewa?"

Alielewa. Alirudi chumba cha kuhariri akiwa na mkasi, gundi na lenzi ya kukuzia, akamkagua kila mtu usoni. Aliyecheka alikuwa ameuma mdomo. Aliyepunga mkono alikuwa amelikamata koti la mwenzake kwa mkono wa pili. Frosina aliijua hofu kama wengine wanavyowajua jamaa zao, hakuna aliyemponyoka. Alikata, alikata, hadi watu wakaisha. Kama huo ulikuwa ujanja au utii wa mwoga, familia haijaafikiana. Zakhar alipomuuliza alijibu tu, "Si nimeambiwa nitoe?"

Kamati ikatazama kilichobaki: milango, korongo akilisha makinda, farasi akitembea katikati ya barabara, ng'ombe wamesimama malangoni kwao wakilia. Komredi Bahriy akatia sahihi. "Mazingira mazuri," alisema. "Wapelekeeni wakulima."

Machi 1987 filamu ilionyeshwa ukutani kwenye ukumbi wa Zarudia. Mwanzo ilikuwa sherehe.

"Huyo si kama ng'ombe wa Todoska? Kanenepa kumshinda mwenye mali!"

"Na wewe ungejionea ulivyo kwa nyuma!" Todoska akajibu kutoka kiti chake.

Ng'ombe aliendelea kulia langoni, kiwele kimejaa mpaka kinadondosha. Vicheko vikapungua. Mwanamke mmoja akauliza, kwa hasira kidogo, "Mbona hawaji kumkamua?" Ukaja mto wa kulalia kwenye uzio. Motria akaujua uzio wa mama yake, akamsubiri mtu atoke aingize ule mto ndani. Alisubiri. Picha haikuondoka, wala mtu hakutoka, na kelele za ng'ombe zikajaa ukumbi mzima.

Motria alisimama kabla filamu haijaisha. Frosina, aliyeifuata filamu kijijini, alimkuta uani kwake akimwaga maziwa mtaroni.

"Dada," alisema, "sasa naogopa."

"Mungu ashukuriwe," alijibu marehemu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamfungia mtu mizigo badala ya milango.

Waliondoka wiki hiyo. Nyumba nyingine kumi na moja zikawafuata, zikizomewa kuwa za waoga. Amri rasmi ya kuihama Zarudia ilikuja baada ya miaka minne.

Ostap alifariki 1989. Zakhar alifariki tarehe 3 Machi 1991, akisisitiza hadi mwisho kwamba ni mafua. Marehemu alipasuliwa tezi ya shingo mwaka 1994, na kuanzia 2015 moyo ukaanza kumsumbua. Hospitalini daktari kijana alimshika bega: "Usiogope, mama." Akajibu, "Mwanangu, wote walioniambia hivyo nimewazika." Alifariki Kyiv alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2018, akiwa na miaka themanini, Olesia akiwa amemshika mkono na yeye hakumzuia.

Ameacha mdogo wake Motria. Olesia na mumewe Nazar. Wajukuu, watoto wa Olesia, Zlata na Yarema, ambao wana afya na kelele. Ameacha pia watu wa zile nyumba kumi na moja, na watoto wao, na watoto wa watoto wao, ambao mnawaona wamejaa hadi getini, na tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa kwenye nyasi.

Frosina Panasivna, lala. Kuogopa tuachie sisi.