Wasifu wa Marehemu Ambindwile Mwaisaka, Aliyezishuku Sifuri

Waombolezaji wote, tusikilizane kidogo. Ndugu yetu Ambindwile Mwaisaka alizaliwa tarehe 2 Agosti 1958 hapa hapa Kisondela, mtoto wa kwanza wa mzee Andrea Mwaisaka, aliyekwisha kututangulia, na mama Subilaga. Mimi ninayesoma ni Hosea, mdogo wake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972. Mwalimu akisema hesabu imekwisha, marehemu alibaki ubaoni kuirudia. Alichapwa kwa hilo na hakuacha. Baadaye alisomea uganga msaidizi wa vijijini, akahitimu 1979.

Alianza kazi katika zahanati moja upande wa Ikuti mwaka 1980. Mwaka 1990 alihamishiwa Tukuyu, kupokea taarifa za magonjwa ambazo zahanati hutuma kila wiki. Miaka ile wagonjwa walipoanza kuchangia matibabu, idadi ya wanaohara ilishuka kwenye taarifa, na wakubwa wakafurahi. Kaka hakufurahi. Aliniambia, "Hosea, ugonjwa haujapungua. Waliopungua ni wanaokuja kupimwa." Alizishuku hasa sifuri. Alikuwa amegundua kwamba baadhi ya zahanati hujaza sifuri Jumatatu, kabla watu hawajaumwa, ili Ijumaa wasihangaike.

Ndipo akaenda kwenye duka la dawa baridi la Tupokigwe, kule Ikuti, maana wagonjwa walikuwa wamehamia huko. Alimwomba adondoshe punje moja ya mahindi kwenye kopo kila anapomuuzia mtu dawa ya kuhara. Tupokigwe, ambaye leo ni shemeji yangu, yupo hapa, anisahihishe nikikosea. Shemeji alimwuliza kaka, "Wewe ni wa afya au wa kodi?"

"Wa afya, mama."

"Kitambulisho kiko wapi?"

Alikisoma mbele na nyuma, akakataa. Alikataa wiki tatu. Alipokubali, wiki ya kwanza kopo lilitoa punje thelathini na moja, na zahanati iliandika wawili. Marehemu alipeleka hesabu hiyo Tukuyu, kisha akaibandika kwenye mlango wa duka, pamoja na jina la chemchemi ambayo wengi wao walikunywa maji yake. Watu waliisoma wenyewe, wakazungushia chemchemi uzio, na aliyejenga choo mlimani juu yake akakihamisha bila kubembelezwa. Punje zikapungua, safari hii kweli.

Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1995. Hata siku hiyo bwana harusi alizunguka akihesabu waalikwa, kadi hakuziamini.

Mwezi Februari mwaka huu wa 1999 alianza kuumwa. Alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Nesi aliandika "homa". Kaka akanivuta karibu: "Homa siyo jina la ugonjwa. Waulize wamenipima nini." Walipompima ilikuwa homa ya matumbo, nasi tulikuwa tumechelewa. Akaniambia, "Nikiondoka, nenda ukaangalie kama wameniandika." Nilimkasirikia, sifichi. Mtu anakufa, anawaza karatasi. Alifariki Alhamisi tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi.

Jana nilikwenda. Fomu ya wiki ilikuwa mezani, imejazwa na kupigwa mhuri. Homa ya matumbo, vifo: sifuri. Kaka yangu alikuwa bado yuko chumba cha maiti.

Nikamwuliza karani, "Hii imejazwa lini?"

"Jumatatu, kaka. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Sikugombana naye. Nilikaa kwenye benchi lake na kumwambia siondoki. Mpaka saa nane alikuwa amechukua fomu mpya, akaijaza mbele yangu na kuipiga mhuri.

Marehemu ameacha mama, mjane Tupokigwe, watoto wawili, Winfrida na Meshaki, na mimi. Kopo bado liko dukani, na shemeji amesema halitaondolewa.

Mungu ampe pumziko, na yeye akubali kupumzika. Fomu nimeisoma mara mbili, kaka. Umeandikwa.