Fundi Umeme na Mashine ya Moyo

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Shoti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo. Bibi alisema umeme ulikuwa umekatika usiku ule, ndiyo maana mtoto akakua akiutafuta.

Alisoma shule ya msingi na sekondari, na mwaka 1976 akajiunga na chuo cha ufundi. Januari 1979 aliajiriwa katika karakana ya shirika la umeme, akatengeneza transfoma hadi alipostaafu mwaka 2017. Wenzake wanasema hakuwahi kutetemeka kazini. Yeye alisema umeme ni kama mkwe: ukiuheshimu, mtakaa vizuri.

Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa mama yetu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kwenda mbio na kuruka mapigo. Mwaka jana daktari alitupatia kifaa cha kurekodi umeme wa moyo, kinachochomekwa kwenye kompyuta, ili tumtumie mchoro kila baba anapojisikia vibaya. Mimi, binti yake wa kwanza, ndiye niliyekabidhiwa. Nikaweka programu, nikambandika vibandiko kifuani, mikononi na miguuni, nikaunganisha nyaya rangi kwa rangi kama picha ya maelekezo ilivyoonyesha. Baba alizitazama, jasho likamtoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama zitampiga shoti. Nikamweleza kwamba kifaa hakimpi umeme, kinasikiliza ule unaotoka kwake.

Akasema, "Hapo ndipo ninapoogopa. Huu sina swichi yake."

Mchoro ulipotokea, ulikuwa mnene, miiba mitupu kama meno ya msumeno. Mama akaziba mdomo. Mdogo wangu akatoka mbio kutafuta teksi. Nikampigia muuguzi wa daktari wake, naye akauliza kama chaja ya kompyuta imechomekwa ukutani. Nikaichomoa. Mchoro ukatulia: kilima, mlima mkali, kilima tena. Kumbe tulikuwa tumeona umeme wa nyumba ukijipenyeza. Baba alicheka mpaka kibandiko kikabanduka.

Lakini hofu haikutoka. Tulijifunza kusoma nafasi kati ya milima ile, na kila mlima ulipochelewa, nyumba nzima ilibana pumzi. Mama aliacha kupita sebuleni kompyuta ikiwa wazi.

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti mwaka huu baba aliamka mwili baridi, pumzi zikimwishia. Mdogo wangu akaita gari la wagonjwa, mimi nikakimbilia kifaa. Vibandiko vilikataa kushika kwa jasho. Nilikuwa nikihangaika navyo baba aliponishika kiganja.

"Mwanangu, weka hizo nyaya chini. Naogopa. Kaa na mimi."

Nikaziweka. Mama akamshika mkono wa pili. Moyo wake uliandika nini dakika zile, hatujui. Tulimtazama usoni, naye akatutazama kwa zamu, mpaka akaacha. Gari lilipofika, mama alikuwa bado hajamwachia.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja.

Alale salama baba yetu, na hofu isimfikie tena.