Sura Waliyomwachia Anatolia

Bwana Yesu asifiwe. Wachungaji, waombolezaji, na ninyi ndugu wa upande wa shemeji mliowahi viti vya mbele, mimi ni Jovin, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, ingawa najua wengine wenu mmekuja kwa kuwa kufa kufaana.

Marehemu Anatolia Kokugonza alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 Rugera, Karagwe, mtoto wa tatu wa Mzee Rwegoshora na Mama Benadeta, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1981, kisha akajifunza cherehani Omurushaka.

Tarehe 23 Septemba 1989 alifunga ndoa na Kaijage, akaja hapa Kibingo, mwaka 1992 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Vero, na Kaijage alipofariki Juni 2004, kaka yake, Mzee wa Kanisa Cleophace, alimaliza matanga kwa kutangaza kwamba kibanja hiki, shamba hili la migomba tulilosimama, ni cha ukoo na binti si mtu wa kurithi.

Huyo huyo Cleophace ndiye aliyeongoza kipindi cha kusoma Biblia kila Jumatano, na desturi yake ilikuwa kuwagawia wanaume Injili na Nyaraka, akina mama akiwatupia kitabu cha Hesabu, akiamini sura za kuhesabu watu haziwezi kumdhuru mtu, maana mwenyewe hakuwahi kujisumbua kuzisoma. Mchimba kisima kaingia mwenyewe. Mwaka 2005 dada alifika sura ya ishirini na saba, akawakuta binti za Selofehadi wakidai urithi wa baba yao mbele ya Musa, na Mungu akiwapa haki, akaisoma kwa sauti, akasema ameitwa. Wazee walicheka, wakasema Mungu humwita mtu kuhubiri, si kugombea migomba.

Tangu hapo aliwasindikiza wajane na mabinti wa Karagwe na Kyerwa kwenye mabaraza ya ardhi, Biblia kwapani, na wako wanaokula ndizi za baba zao leo kwa sababu yake, wakati waliomcheka hawajawahi kumtetea hata kuku.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa Bukoba na Mwanza, na alipoona nguvu zinaisha aliita majirani wawe mashahidi, akazunguka kibanja ameshikwa mkono na Vero, akimwonyesha miramura yote, ile miti yetu ya mipaka. Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025 alfajiri. Jana, kaburi likichimbwa, Cleophace alikuwa akipima mipaka hiyo kwa hatua, na suti ya msiba mwilini, na sisi tunamdharau kwa hilo wala hatufichi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba, mafundi wenzake wa Omurushaka waliomshonea gauni la mwisho, na hata mliofika baada ya ndizi kuiva.

Mila ya hapa mnaijua, udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mrithi. Naona mtoto wa kiume wa Cleophace ameshashika koleo, mwambieni aliweke chini. Vero, mpwa wangu, sogea, utupe udongo wa kibanja chako.

Dada Anatolia, kazi uliyoitiwa umeimaliza, pumzika kwa amani.