Kadi ya Tulia na Sauti ya Esnath

Kijiwe chetu kiko Tukuyu mjini, kwenye kibaraza cha duka la Tulia, pale palipokuwa na banda la video enzi zetu. Wenye umri wanalikumbuka. Unakaa kwenye gogo, mvua inapiga bati, husikii chochote, mtafsiri anapiga kelele kuishinda mvua, na mkimaliza kila mtu anatoka na hadithi yake tofauti. Nalipenda banda lile kuliko vyote vilivyokuja baadaye, na sioni aibu kusema. Sasa halipo. Tulia ameweka kompyuta, anachapa barua, anapiga picha za pasipoti, anahariri video za harusi na misiba. Kilichobaki cha zamani ni benchi, birika la Hosea na sisi wenyewe, na ukituangalia vizuri, benchi ndilo lenye afya.

Hosea ndiye anayetuuzia kahawa, na maoni anatugawia bure. Sunday ni dereva wa bodaboda ya Isongole, tunamwita Fulu Tenki kwa sababu hajawahi kujua mwendo wa katikati. Na yupo mzee Amoni, Gia Mbili, aliyeendesha lori la chai mpaka macho yakamkatalia. Tangu mkewe Esnath afariki, Amoni hakai. Kahawa anainywa amesimama, mgongo kwenye nguzo. Ukimwambia karibu benchi, anakujibu "naondoka sasa hivi," na haondoki. Nyumbani kwake, wajukuu wanasema, hata ugali anaula amesimama mlangoni.

Wiki hii kijiwe kizima kilikuwa na kesi moja: kadi ya picha iliyo ndani ya kompyuta ya Tulia.

Amoni alileta mkanda wa zamani, wa zile kamera za kubeba begani. Ubatizo wa mtoto wao wa kwanza, kule Mpuguso. Tulia aliuingiza kwenye kompyuta, na ashukuriwe Mungu aliwahi, maana deki iliutafuna mkanda siku hiyohiyo. Kilichoingia kilikuwa chenga tupu. Sauti ndiyo usiseme, utadhani mvua ya bati. Kwa hiyo akawasha programu ya kusafisha picha na sauti, na kazi hiyo nzito inafanywa na kadi. Kila ikifika mbali, kompyuta inazima, pu! Inabidi kuanza upya.

AMONI: Imezima tena?

TULIA: Imezima, babu. Samahani.

AMONI: Ongeza nguvu, mama. Si jana ulisema inaweza kuongezwa?

TULIA: Nimeongeza mpaka mwisho. Nafikiri hapo ndipo tulipokosea.

SUNDAY: Hamna kukosea! Mi nimeona mtandaoni, washkaji wanaisukuma kadi mpaka inalia. Mwendo juu, umeme juu, freshi tu. Wao wanahangaika na joto. Sisi Tukuyu tuna baridi ya bure!

Hilo la baridi ndilo lililotupoteza wote. Mtu wa hapa anaamini hakuna chombo kinachoweza kuungua kwenye ukungu wetu. Hosea mwenyewe alifungua dirisha asubuhi, ukungu ukaingia mpaka kwenye karatasi za watu.

HOSEA: Mimi nasema dirisha moja halitoshi. Tuitoe kompyuta nje, tuifunike kwa majani ya mgomba.

TULIA: Baba Hosea, kadi haijapata joto. Nimepima. Iko vizuri kabisa.

MIMI: Sasa tatizo nini?

TULIA: Kadi ina kikomo cha umeme. Ikikifikia, inapunguza mwendo yenyewe ili isikivuke. Tulipopandisha mwendo peke yake, ilikigonga, ikarudi palepale. Sunday akasema tupandishe na kikomo. Tukapandisha. Sasa inavuta umeme mwingi, na lile boksi linalogawa umeme humu ndani ni mtumba. Linaelemewa, linazima kila kitu.

HOSEA: Hapana. Kadi hiyo umeinunua imetumika?

TULIA: Imetumika.

HOSEA: Basi! Ilikuwa Ulaya inachimba zile hela za mtandaoni. Leo unaipa ubatizo wa Mpuguso? Imeona imeshushwa cheo. Imegoma.

SUNDAY: Mzee Birika umetisha! Ila mi naona inataka kupashwa moto. Kama pikipiki asubuhi. Tuipe harusi mbili fupi kwanza, ichangamke.

MIMI: Nyie wote hamjui. Mmeona inazima wapi? Inazima ikimkaribia Esnath. Kadi imemwogopa. Hata sisi tulimwogopa.

Tulicheka. Esnath alikuwa mwembamba, lakini akitokea na kanga yake kiunoni, kijiwe kizima kilikumbuka kazi za nyumbani. Hosea alianza kusimulia alivyofukuzwa na mwiko siku aliyomchelewesha Amoni hapa benchini. Amoni hakucheka. Alikuwa anaangalia kikombe.

AMONI: Sura ninayo. Picha zimejaa ukutani. Sauti ndiyo imenitoka, jamani. Nikiitafuta, inakuja ile ya hospitali, ile ya kuomba maji. Siitaki ile. Kwenye huo mkanda anaongea mara moja tu, mzima, kabla ya maradhi.

Kicheko kilituishia. Sunday alivua kofia yake ya pikipiki, akaishika mapajani.

SUNDAY: Basi tusukume tena, mzee. Tutafute boksi kubwa. Mi nakwenda Mbeya sasa hivi, narudi nalo mgongoni.

HOSEA: Uende haraka. Mvua ikianza, umeme unaondoka.

AMONI: Ndiyo. Haraka. Ongeza, Tulia, jaribu tena. Ongeza!

Wakati huo alikuwa amesimama mlangoni mama mmoja mwenye sare ya uuguzi chini ya sweta. Alijitambulisha kuwa anaitwa Jenifer, amehamishiwa huku kutoka Lindi, na amefuata picha za pasipoti. Nadhani alikuwa ametusikiliza kitambo.

JENIFER: Shikamooni wazee. Samahani kuingilia. Kwani mna haraka gani?

HOSEA: Mvua, mama. Itanyesha.

JENIFER: Si hunyesha kila siku hapa?

Hosea alichungulia mawingu. Sunday aliniangalia mimi, mimi nikamwangalia Amoni. Mkanda ulikuwa wa miaka hiyo yote. Esnath hakuwa anatusubiri stendi. Haraka ilikuwa ya nini?

Amoni aliweka kikombe chini.

AMONI: Tulia, mama, hicho kikomo kinashuka pia?

TULIA: Kinashuka.

AMONI: Kishushe. Kupanda Isongole na lori la chai, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, gari linanguruma, linakunywa tanki zima, na mlima unakwenda uleule. Nilikuwa naweka gia mbili, naachia mguu kidogo, nafika. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, halafu nasimama hapa kumpigia mtoto wa watu kelele, ongeza, ongeza!

Tulia alirudisha mwendo wa kadi ulivyotoka kiwandani, akashusha kikomo mpaka sabini kwa mia. Sunday alisogeza pua kwenye kioo cha kompyuta.

SUNDAY: Aisee! Umeme umepungua wote ule, mwendo umeshuka kiduchu hivi?

TULIA: Ule umeme wa mwishoni unaliwa mwingi, na mwendo unaoleta ni mdogo. Acha tu itembee.

Tukaiacha itembee. Sikumbuki mara ya mwisho tulipokaa vile bila mtu kutaka kushinda. Hosea alikumbuka harufu ya lori la Amoni, majani mabichi ya chai kwenye turubai lililolowa, ungeijua kabla gari halijatokea. Mimi nilikumbuka sahani za bati zenye maua pembeni, na ndizi za Esnath zilizoungwa maziwa, na jinsi ubatizo mmoja ulivyoweza kulisha mpaka watu waliokuwa wanapita njia tu. Nilitamani kurudi kule hata kwa mchana mmoja. Jenifer alishapigwa picha zake, lakini hakuondoka. Alipewa kahawa, na kikawa kikombe cha mwisho. Hosea aliinamisha birika, yakatoka masimbi matupu ya kahawa.

Mvua ilianza. Tukatazamana. Umeme haukuondoka.

TULIA: Babu, imemaliza. Njooni ndani.

Tulijazana nyuma ya kiti chake. Ukaonekana uwanja wa Mpuguso, migomba, watu wamevaa suti pana za wakati ule. Hosea alikuwa na nywele, na Sunday akakataa kuamini. Kijana mmoja alipita mbele ya kamera na sahani nne mikononi, akarudi, akapita tena na nyingine. Alikuwa Amoni. Kisha Esnath akatokea na kanga kiunoni, akamshika mkono wa shati, akasema naye kwa Kinyakyusa. Sauti ilikuwa nyembamba na ya juu, yenye kicheko kinachojifanya hasira. Tulia alirudisha nyuma bila kuambiwa, Esnath akasema tena.

JENIFER: Anasema nini?

Hosea alikuwa ameshika birika tupu kwa mikono miwili. Yalikuwa maneno mepesi, kila nyumba ya huku huyasema: umezunguka na sahani tangu asubuhi, mume wangu, wageni wameshiba, kaa chini na wewe ule.

Mzee Amoni alivuta kile kiti cha picha za pasipoti, akakaa.